Saa mbili ndani ya soko kubwa la ugenini: mwongozo wa kupanga matembezi mafupi

Masoko makubwa ya mijini hayakujengwa kwa ajili ya mpita njia. Kapalıçarşı ya Istanbul, iliyoanza kujengwa katika miaka ya 1450 chini ya Sultani Mehmed wa Pili, ina mitaa zaidi ya 60 iliyoezekwa na maduka yanayokaribia 4,000. Ukilitazama kila duka kwa dakika moja tu, bila kula wala kulala, utahitaji karibu siku tatu, usiku na mchana. Chatuchak ya Bangkok inahesabiwa kuwa na vibanda zaidi ya 15,000.

Kwa hiyo msafiri mwenye saa mbili au tatu kabla ya basi, treni au ndege anaingia sokoni muda ukiwa umeshamshinda. Kuongeza mwendo hakumsaidii. Kinachomsaidia ni kuamua kabla hajatoka chumbani mambo mawili: atatoka sokoni saa ngapi, na amefuata nini. Mpango wote ulio hapa chini umejengwa juu ya maamuzi hayo mawili, na ukiyafanya vizuri hata saa moja na nusu inatosha kuondoka umeridhika.

Kwanza: hakikisha soko litakuwa wazi, na kwamba ndilo unalolitaka

Anza na siku ya wiki. Kapalıçarşı hufungwa Jumapili, na La Boqueria ya Barcelona vilevile. Borough Market ya London hufungwa Jumatatu. Chatuchak huchangamka Jumamosi na Jumapili. Anayefika katikati ya wiki hukuta sehemu kubwa imefungwa. Katika miji mingi ya Waislamu maduka hufungwa kwa muda mchana wa Ijumaa kwa ajili ya sala, na mwezi wa Ramadhani biashara husogea kuelekea usiku. Angalia pia sikukuu za taifa za nchi unayokwenda, maana hizo hazifuati kalenda ya kwenu.

Kisha hakikisha kwamba unachokitafuta bado kipo mahali pale. Soko la jumla la samaki la Tsukiji, Tokyo, lilihamia Toyosu Oktoba 2018. Vibanda vya nje vya Tsukiji vimebaki palepale na vinapokea wageni kwa wingi, ila mnada wa jodari uko Toyosu, na hufanyika alfajiri. Mwenye kitabu cha safari cha zamani ataamka usiku wa manane aende mahali ambapo mnada haupo. Masoko huungua, hukarabatiwa, huhamishwa. Picha na maoni ya wageni ya miezi miwili mitatu iliyopita, au simu kwa mapokezi ya hoteli yako, zina thamani kuliko makala yenye umri wa miaka mitano.

Tofautisha pia soko la jumla na la rejareja. Soko la jumla huanza usiku na kumalizika asubuhi, na mengine hayapokei mgeni anayeingia tu. Rungis, soko lililochukua nafasi ya Les Halles ya Paris mwaka 1969, ni la wafanyabiashara waliosajiliwa. Mgeni huingia kwa ziara iliyopangwa. Ukiwa na saa mbili za mchana, soko la rejareja ndilo lako.

Jambo dogo kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko: tangazo la nje likisema 09:00–17:00, maana yake ni saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni. Andika mpango wako wote kwa mtindo mmoja, kwa sababu kuchanganya mitindo miwili kwenye karatasi moja ndiko kunakokosesha watu treni. Na unapouliza saa ya kufunga, uliza vilevile wauzaji huanza kukusanya mali saa ngapi. Huwa ni mapema kuliko saa iliyoandikwa langoni.

Panga saa ukianzia mwisho

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Wengi hupanga kuanzia saa ya kufika: "Nitafika saa nne, nitazunguka, halafu nitarudi." Geuza. Anza na saa ya chombo chako kuondoka, kisha rudi nyuma ukipunguza.

Tuseme basi lako linaondoka saa 9:00 alasiri, nawe unashuka mjini saa 4:00 asubuhi. Kwa macho una saa tano. Sasa punguza. Kituoni unatakiwa uwe umefika saa 8:15, uchukue mzigo na kupata nafasi. Safari ya kurudi kutoka sokoni ni dakika 40, kwa hiyo uondoke saa 7:35. Weka dakika 20 za dharura, kwa foleni ya magari, kupotea njia au kusubiri chenji: mwisho wako sokoni ni saa 7:15 mchana. Upande wa kuanzia, kuhifadhi mzigo na kwenda chooni dakika 20, usafiri dakika 40. Unaingia sokoni saa 5:00. Saa zako tano zimebaki mbili na robo.

Usihuzunike kwa hesabu hiyo. Saa mbili na robo zinazojulikana ni bora kuliko tano za kukisia. Zigawe hivi: nusu saa ya mzunguko wa kwanza bila kununua chochote, dakika 25 za kukaa na kula, saa nzima ya kununua au kutazama kile ulichokifuata, na dakika 20 zisizo na kazi. Hizo za mwisho usizipangie kitu. Ndizo zitakazokuruhusu kusimama kwa fundi anayechonga au kumsikiliza muuzaji mwenye maneno matamu bila kutazama saa kila mara.

Muda wa usafiri usiuchukulie kutoka kwenye ramani ya simu ukiwa chumbani usiku. Barabara za kuzunguka soko hujaa kwa malori, mikokoteni na mabasi kwa saa zake maalumu, na safari ya kurudi mchana inaweza kuwa ndefu mara mbili ya ile ya asubuhi. Kama kuna treni ya mjini inayofika karibu, ichague hata kama itakutembeza kidogo kwa miguu.

Uking'oa kila kinachong'olewa ukabaki na chini ya saa moja, ushauri wangu ni kuliacha soko hilo. Tafuta soko dogo la mtaa karibu na kituo. Utaona maisha ya watu vilevile, tena kwa utulivu.

Saa nzuri ya kuingia, kama una uhuru wa kuchagua, ni saa moja hivi baada ya maduka ya rejareja kufunguliwa. Njia zinapitika na muuzaji ana muda wa kuzungumza. Jioni ina faida moja: vitu vinavyoharibika, kama matunda na samaki, hushuka bei. Lakini kinachobaki jioni ni kile ambacho wengine wamekichagua wakakiacha.

Chagua jambo moja

Unataka kuona? Kula? Kununua kitu fulani? Kupiga picha? Chagua moja liwe kuu, na mengine yaje yakija. Mtu aliyeandika "vitambaa" kwenye kikaratasi chake anajua aende upande gani. Aliyeandika "kutembelea soko" atasukumwa na umati hadi kwenye vibanda vya kumbukumbu za watalii vilivyo langoni, na huko ndiko saa yake itakakoishia.

Masoko mengi ya zamani yamepangwa kwa kazi: sonara pamoja, wauza viatu pamoja, wauza viungo pamoja. Mpango huo una sababu zake. Wateja hulinganisha bei kwa urahisi, na wauzaji huangaliana. Mali ya thamani kama hariri na dhahabu iliwekwa katikati, ndani ya majengo yanayofungwa usiku, na kazi zenye harufu au kelele, kama kutengeneza ngozi na kufua chuma, zikasukumwa pembeni. Kapalıçarşı yenyewe ilikua kuzunguka jumba la namna hiyo. Kwa hiyo jua kwanza mtaa wa kitu chako unaitwaje kwa lugha ya pale, uandike kama unavyoandikwa kule, na ukifika mwonyeshe mlinzi au mchukuzi maandishi hayo. Watakuelekeza kwa mkono hata kama hamwelewani neno moja.

Kodi ya fremu za langoni na barabara kuu huwa kubwa, na bei za hapo hubeba mzigo huo. Kata kona mbili tatu kuingia ndani kabla ya kuuliza chochote.

Ubebe nini, uache nini

Mzigo mkubwa usiingie nao. Stesheni nyingi kubwa zina makabati ya kukodi au chumba cha kuhifadhi mizigo, na hoteli nyingi hukubali kukutunzia begi hata baada ya kukabidhi chumba. Begi la mgongoni kwenye uchochoro wenye watu hugonga bidhaa za wenzako, na mifuko yake iko mahali usipopaona. Chukua begi dogo la kuning'iniza mbele na mfuko mwepesi wa nguo wa kubebea utakachonunua.

Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli isiyoteleza. Sakafu za samaki, nyama na mboga zina maji siku nzima.

Pasi ya kusafiria iache mahali salama kama sheria ya nchi haikulazimishi kutembea nayo, ubebe nakala. Ramani ipakue kwenye simu mapema ili ifanye kazi bila intaneti. Hata hivyo usiitegemee ndani: chini ya paa na kati ya kuta ndefu, kile kidoti kinachoonyesha ulipo huruka huku na huko.

Fedha zinastahili maelezo zaidi. Beba taslimu kwa noti ndogo, na ugawe sehemu mbili: ya matumizi mfukoni kwa mbele, na akiba ndani ya nguo, usiyoitoa mbele za watu. Kiasi cha mfuko wa mbele kiwe ndicho bajeti yako yote ya soko, na kikiisha umemaliza. Toa fedha kwenye mashine iliyo ndani ya benki, mbali na soko. Mashine ikikuuliza ukatwe kwa sarafu ya nchi yako au ya pale ulipo, chagua ya pale ulipo. Ukichagua ya kwenu, kiwango cha kubadilishia hupangwa na wenye mashine, na kwa kawaida huwa na nyongeza ndani yake. Mwisho, kariri hesabu tatu tu: noti ndogo, ya kati na kubwa ya pale ni sawa na kiasi gani kwa fedha ya kwenu. Mbele ya muuzaji hutapata nafasi ya kutafuta kikokotoo.

Nusu saa ya kwanza usinunue

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo ninayoitetea kuliko zote.

Ukifika langoni, simama pembeni. Piga picha ya lango lenyewe pamoja na jina au namba yake, kisha tafuta kitu kirefu kinachoonekana kutoka mbali: mnara, saa, jengo la benki. Hiyo ndiyo alama yako ya kurudia. Kama mko wengi, kubalianeni papo hapo mahali pa kukutana mkipotezana na saa ya kukutana, na mtoto awekewe mfukoni karatasi yenye namba ya simu.

Halafu tembea. Fuata njia kuu moja hadi mwisho, rudi kwa njia ya pili sambamba nayo. Kitu chako ukikiona, uliza bei, shukuru, endelea. Uliza kwa wauzaji watatu walio mbalimbali, wasio majirani. Ukifika wa tatu utakuwa umeshajua bei ya kuanzia, umeshatofautisha kizuri na cha ovyo, na mikono yako imeshashika vya kutosha kujua uzito wake. Andika kwenye simu: bei, na alama ya kukukumbusha duka. Anayenunua kwenye duka la kwanza hununua bila kipimo chochote cha kulinganishia.

Kuna kitu kimoja cha kukiondoa kwenye sheria hii: kile kisicho na mwenzake, kazi ya mkono iliyo moja tu, nawe umeipenda kweli. Hicho nunua palepale, kwa sababu kurudi kukitafuta ndani ya vichochoro kutakula saa yako nzima.

Ukitembea, kaa upande mmoja wa njia na usisimame ghafla katikati. Wachukuzi hupita na mizigo mizito na mikokoteni isiyo na breki. Wakipaza sauti nyuma yako, pisha kwanza, tazama baadaye.

Utakutana pia na mtu atakayejitolea kukupeleka "kwa ndugu yake" au "kwenye duka la bei ya kiwandani". Mara nyingi hulipwa na mwenye duka, na malipo hayo yatakuwa ndani ya bei yako. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kataa kwa tabasamu, mara moja, bila kueleza sababu, maana sababu hufungua mazungumzo.

Kupatana bei

Tazama kwanza kama bei zimeandikwa. Zilipoandikwa, hasa kwenye chakula, huwa hazipunguzwi sana, na kumng'ang'ania muuzaji wa mboga kwa sarafu mbili ni kumchosha bure. Zisipoandikwa, mlango uko wazi.

Mwache muuzaji ataje bei yake. Kabla hujajibu, amua moyoni kiasi ambacho ungelipa kwa furaha, ukizingatia ulichosikia kwenye mzunguko wa kwanza. Taja chini ya hapo, panda polepole, na ukifika kwenye kiasi chako simama. Usitaje kamwe bei usiyokuwa tayari kulipa: ukiitaja naye akakubali, umenunua. Kurudi nyuma baada ya hapo ni kumvunjia mtu heshima kwenye kazi yake.

Njia inayofaa kuliko kubishana ni kununua viwili vitatu kwa mtu mmoja na kuomba bei ya jumla, au kuomba nyongeza badala ya punguzo. Hakikisha mnazungumzia kitu kimoja: kwa kilo au kwa kipande? Kwa mita au kwa jora? Mwambie aandike jumla kwenye kikokotoo ndipo utoe fedha. Noti yako itaje thamani kwa sauti unapoikabidhi, na chenji ihesabu kabla hujaondoka mezani.

Kukagua mali

Kagua kwanza, lipa baadaye, na kilekile ulichokagua ndicho kifungwe mbele ya macho yako. Nguo ipeleke kwenye mwanga wa nje, tazama mishono na zipu. Kitambaa kipimwe mbele yako. Kifaa cha umeme kiwashwe, na usome maandishi ya nyuma: Japani hutumia volti 100 na Marekani 120, wakati nchi nyingi za Afrika na Ulaya hutumia kati ya 220 na 240. Kilichoandikwa 100–240 kinafanya kazi kotekote.

Dhahabu ina lugha yake ya namba. Muhuri wa 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14. Fedha ya mapambo kwa kawaida huwa 925. Tafuta bei ya dunia ya gramu moja asubuhi hiyohiyo, omba kitu kipimwe kwenye mizani, kisha uliza ujira wa sonara peke yake. Dhahabu kwa uzito haina nafasi kubwa ya kupatana; ujira ndio unaopatana. Sonara asiyetaka kutenganisha hesabu hizo mbili, mwache.

Kula

Kula katikati ya matembezi, baada ya mzunguko wa kwanza, kwa sababu wakati huo umeshaona foleni za wenyeji ziko wapi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe hadi nyuzi 70 za Selsiasi, cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60, na kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida. Huna kipimajoto, lakini una macho: chagua kinachotoka jikoni kikitoa mvuke, kwa muuzaji ambaye sufuria yake haikai muda kabla ya kuisha. Epuka kilichopangwa vizuri kwenye sinia tangu asubuhi. Matunda chukua ya kumenya mwenyewe, na maji ya chupa iliyofungwa.

Umati na mifuko

Vibaka hupenda mahali watu wanapobanana: malangoni, ngazi, vituo vya mabasi vya nje. Ukisukumwa na watu wawili kwa pamoja, au ukamwagiwa kitu nguoni na mgeni akakimbilia kukufuta, shika begi kwanza. Simu itoe ukiwa umesimama ukutani. Watu usiwapige picha bila kuwaomba. Ukinunua kitu kwanza, ruhusa huja kirahisi.

Kutoka, na kuvuka mpaka

Kengele ya simu ilie dakika 15 kabla ya saa yako ya mwisho, ukiwa bado ndani. Hiyo ni ishara ya kuanza kurudi kwenye lango lako.

Yanayohusu mpaka yafikirie kabla ya kununua, kwa sababu kitu kinachonyang'anywa uwanjani kimekula fedha na muda wako. Viwanja vingi vya ndege huruhusu vimiminika vya kwenye mzigo wa mkononi vyenye ujazo wa hadi mililita 100 kwa chombo. Asali, manukato na sosi vyote vimo humo. Visu viende kwenye mzigo wa chini. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala maziwa kutoka nchi nyingi za nje. Australia na New Zealand ni wakali mno kwa mbegu, mimea na vitu vya mbao, na vyote vinatakiwa kutangazwa. Pembe za ndovu, magamba ya kasa, matumbawe na ngozi za baadhi ya wanyama vinabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliotiwa saini 1973 na kuanza kazi 1975. Vitu vya kale navyo viache: Misri na Uturuki, kwa mfano, huzuia kuvitoa nchini, na neno la muuzaji kwamba "hakuna shida" halitakusimamia mbele ya afisa.

Omba risiti kwa kila kitu cha thamani. Baadhi ya nchi hurudishia wageni kodi ya ongezeko la thamani, lakini kwa maduka yaliyosajiliwa tu, na vibanda vingi vya sokoni havimo. Muulize mwenye duka kabla ya kulipa, kwa kuwa fomu hujazwa palepale ukiwa na pasi yako au nakala inayokubalika. Siku ya kuondoka, bidhaa hizo zikae juu kwenye begi, maana forodha wanaweza kutaka kuziona kabla ya kugonga mhuri, na mhuri hugongwa kabla hujakabidhi mzigo.